Joto la Bure

Bandu bandu humaliza gogo, ndivyo wasemavyo wahenga. Nyumbani kwetu, karibu na Limuru, gogo lenyewe ni gunia la makaa. Mama huuza chai na githeri pale steji, kwa hivyo jiko letu huwashwa saa kumi na moja alfajiri na halipoi mpaka jioni. Gunia likiisha kabla ya mwezi kwisha, pesa za lingine hutoka mahali fulani, na mahali hapo, wasomaji wapenzi, ni karo yangu.

Ndiyo maana mwaka wa 2023, nikiwa kidato cha kwanza, nilijifanya waziri wa nishati. Kwanza nilimsumbua mama mpaka akanunua jiko lenye udongo ndani. La zamani lilikuwa bati tupu. Lilichoma miguu ya mpishi kuliko lilivyochemsha sufuria. Haya ya udongo, yenye kiuno chembamba, yalianza kuenea nchini katika miaka ya 1980, na mafundi wa jua kali huyaunda kwa mabati ya mapipa makuukuu. Udongo hulishika joto lisipotelee ubavuni.

Halafu nikaligeukia vumbi la makaa ambalo mama alikuwa akilimwaga shimoni. Nililichanganya na udongo mfinyanzi na maji, nikafinyanga madonge, nikayaanika juani. Hayatoi mwali mkubwa, lakini yakiwekwa juu ya makaa machache yaliyoshika, hukaa saa nyingi.

"Sasa umeanza kupika matope?" mama alinicheka. Wiki ya pili aliacha kucheka. Sifa zikanilevya.

Usiku mmoja wa Julai, mwezi ambao huku kwetu baridi hupenya hadi mifupani, mama alikuwa amelala kwa nyanya aliyekuwa mgonjwa. Tulipomaliza kula, madonge yalikuwa bado mekundu. Niliona ni israfu kuliacha joto hilo lipotee uani. Nikaliingiza jiko katika chumba tulimolala na ndugu zangu wawili, nikafunga dirisha, nikaziba mwanya wa mlango kwa gunia. Moshi haukuwapo hata chembe, basi hatari ingetoka wapi?

Niliamshwa na kitinda mimba wetu akitapika. Nikataka kuinuka, miguu ikakataa. Kichwa kilikuwa kinatwanga kama kinu. Nilitambaa mpaka mlangoni, nikalivuta lile gunia, nikamburura yule mdogo kwa shati lake. Wa pili nilimwita, hakuitika. Nikamwita tena. Nilipiga mayowe mpaka jirani akaja, akaingia huku amejiziba pua, akambeba nje kama mzigo wa kuni. Hospitalini alitiwa oksijeni, na alipofumbua macho kulikuwa kumekucha.

Daktari alitueleza kwamba ile ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, nayo huishika damu kwa nguvu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hasa huwahadaa watu. Jiko liwe la bati au la udongo, jipya au kuukuu, kwa hilo ni mamoja.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliniuliza tu, "Makaa hayo ulikuwa ukimwekea nani?"

Joto nililolitaka tulilipata kwa njia nyingine. Mwalimu wetu wa sayansi kimu alinionyesha kikapu cha kupikia bila moto. Maharagwe hulowekwa usiku kucha, huchemshwa kwa nguvu nusu saa, kisha sufuria yenye kifuniko kinachobana huingizwa moto moto ndani ya kikapu kilichojazwa matambara na vipande vya godoro, ikafunikwa kwa mto. Baada ya saa tatu au nne yameiva, na jiko lina sufuria nyingine au limezimwa kitambo. Sharti ni kutofunua funua, na hapo ndipo tunapokosana na kitinda mimba kila Jumamosi.

Kikapu chetu nilikishona mwenyewe. Ndani yake imo sweta yangu ya darasa la nane, na lile gunia la mlangoni pia limo. Jiko hulala nje, mvua inyeshe isinyeshe. Kabla ya kuzima taa, mama hufungua mlango, akalitazama, ndipo akafunga.