Habari za Tongoni

Nilipoletwa kufundisha upande huu wa Tongoni, nalidhani nimetupwa. Toka Tanga ni kilomita 17 tu kwa njia ya Pangani, lakini wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, njia ilikuwa tope tupu, nasi tulikaa kama watu wa kisiwani. Kisha huvuma kusi na joto hupungua. Hata Desemba huingia kaskazi, jua likawa kali, watoto wakasinzia darasani.

Lakini pepo hizo ndizo zilizoulea mji huu. Vyombo vilishuka na kaskazi, vikarejea na kusi. Na miaka 600 hivi iliyopita watu walijenga hapa msikiti wa mawe na makaburi yapata 40, mengi yenye nguzo. Bandari ikiitwa Mtangata. Aprili 1498 merikebu ya Vasco da Gama, São Rafael, ilipwelewa karibu na hapa, na watu wakawapelekea Wareno machungwa, nao wakaandika kwamba ni mazuri kupita ya kwao. Januari 1499 walirudi, mabaharia wengi wamekufa, waliosalia hawatoshi kuendesha merikebu tatu. Basi wakaichoma moto iyo hiyo São Rafael. Siku zile wenyeji waliwauzia kuku kwa mashati na bangili. (Mimi habari ya kuku hunipendeza kuliko ya merikebu.)

Siku moja naliwapeleka wanafunzi magofuni, nikawaambia, kama nilivyofundishwa nami, ya kuwa waliojenga walikuwa wageni kutoka Uajemi. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona wavu, alinisikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, wewe ulimwona nani akijenga? Humo wamelala babu zangu." Naliona haya mbele ya watoto. Baadaye nikasoma ya kuwa wachimbaji wa mambo ya kale wa siku hizi husema karibu vivyo hivyo: miji hii ni kazi ya watu wa pwani wenyewe, ingawa walifanya biashara na wageni na kuoana nao.

Nikamrudia, nikampa shikamoo, nikamwomba awafundishe yeye. Hakusema mengi. Alituongoza hata ufukweni, akaonyesha maji kwa kidole: "Pale tulicheza utotoni."

Tangu siku ile, kila masika yakiisha, tunapima kwa kamba toka ukingo wa pwani hata kaburi la kwanza. Mwaka huu tulipofika kaburini, kamba ilisalia mkononi hatua mbili.