Kasha dogo la tabo

Zamani mtu akinionyesha gari lake, swali langu la kwanza lilikuwa: lina farasi wangapi? Siku hizi nauliza tabo (turbo) inaamka kwenye mizunguko mingapi ya injini kwa dakika, na farasi nawauliza baadaye, nikikumbuka.

Gari langu ni Subaru Impreza STI yenye injini ya EJ207, lita mbili. Nililijenga kwa ajili ya mbio za kunyoosha, zile za mguu chini mpaka mwisho. Niliifunga tabo ya Garrett GT3076R yenye kasha la tabini la 0.82, na kwa kazi ile lilinifaa sana. Katika mbio hizo unaondoka injini ikiwa tayari inalia, na ukibadili gia mizunguko haishuki mno. Tabo haipati nafasi ya kulala.

Kisha rafiki akanivuta kwenye autocross: vumbi, koni, na kona zilizobanana. Huko natoka konani kwa gia ya pili, mizunguko 3,500, nakanyaga mafuta, nasubiri. Presha kamili inakuja karibu na 5,000, na kufikia hapo tayari napaswa kukanyaga breki ya kona inayofuata. Vijana wenye Impreza za kawaida kabisa, tabo za kiwandani, walikuwa wananipita. Fundi wangu, mzee aliyezeekea kwenye vipuri vya Kirinyaga Road, alitazama raundi chache tu. "Bosi, nguvu unazo," akasema. "Ila zinafika ukishapita."

Kasha la tabini limejikunja kama konokono. Moshi wa eksozi huingia upande mpana, na kusukumwa kwenye njia inayozidi kubana hadi uyapige mapanga ya tabini. Ile 0.82 au 0.63 hupatikana kwa kugawanya eneo la njia hiyo kwa umbali wake kutoka katikati ya shafti. Namba ikipungua, moshi hupita kwa kasi zaidi na shafti huchangamka mapema. Gharama yake utailipa huko juu: njia inakuwa nyembamba kwa moshi mwingi, mgandamizo unarudi kwenye silinda, joto linapanda, na mafuta yakianza kuwaka ovyo pistoni zinaweza kupasuka.

Tena sisi wa Nairobi tuna shida ambayo wauzaji wa tabo hawaitaji. Kwa mwinuko wetu, hewa ina mgandamizo wa kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Ili injini ipate bar 2 kwa jumla, pamoja na mgandamizo wa hewa ya nje, kompresa ya Mombasa inaizidisha hewa mara 2. Ya kwetu inapaswa kuizidisha karibu mara 2.4. Shafti lazima izunguke kwa kasi zaidi, huku injini ikiipa moshi kidogo wa kuanzia. Kwa hiyo mtu wa pwani akikwambia tabo yake inaamka kwenye 4,200, usiinakili namba hiyo.

Kwa shida hii ya tabo kuchelewa kuamka ndipo nilipoyaelewa vizuri magari ya WRC, mashindano ya dunia ya rali. Impreza ya Richard Burns iliyoshinda Safari Rally mwaka 2000 ilipumua kupitia tundu la milimita 34, kama sheria ilivyotaka, na farasi wake walitajwa kuwa kama 300 tu. Gari la mtaani lililochezewa kidogo linaweza kuwapata hao. Lakini mvuto wa gari lile ulianzia chini kabisa, pale dereva anapotoka konani.

Nikafunga kasha la 0.63. Kompresa ileile, mapanga yaleyale, shafti ileile. Kilichobadilika ni kasha na urekebishaji mpya wa injini kwenye daino, mashine ya kupima nguvu. Presha kamili sasa inafika kidogo baada ya 4,000. Karatasi ya daino ilionyesha farasi wamepungua, na rafiki zangu wa mbio za kunyoosha wakanicheka vya kutosha. Sawa, lakini daino haina kona. Kupita 7,000 injini inaanza kukabwa, kwa hiyo nabadili gia mapema, jambo ambalo zamani nisingelivumilia hata kidogo.

Lile la 0.82 nimemuuzia kijana wa Mombasa anayependa kunyoosha. Huko kwenye hewa nzito litamchangamkia mapema kuliko lilivyonichangamkia mimi.