Pointi 50 kwa Mkono Mmoja

Mwaka 2014 nilikuwa mlezi wa timu ya roboti ya sekondari moja huko Michigan, katika mashindano ya FIRST. Msimu ule roboti zilirusha mipira mikubwa yenye kipenyo cha sentimita 60 hivi, na wanafunzi waliosimama kando ya uwanja waliipokea na kuirudisha mchezoni. Goli la juu lilikuwa na pointi 10. Kosa kubwa liliwapa wapinzani pointi 50, na kuingiza mkono katika eneo la usalama kulihesabiwa kosa kubwa.

Hatari ilikuwepo. Roboti ya kilo 54, kabla hata ya kufungwa betri na bampa, ikiwa na mtambo wa kurushia uliokazwa springi, inaweza kumvunja mtoto mkono. Sikutaka sheria ile ifutwe.

Lakini nilimwona binti wa shule tuliyoungana nayo akiuinamia mpira uliokuwa ukimponyoka. Viganja vikapita mpaka, na roboti zote zilikuwa upande wa pili wa uwanja. Bendera ya mwamuzi ikapanda, tukatolewa shule zote tatu za upande wetu. Dereva wetu, kijana wa miaka 16, akaniuliza, "Mwalimu, sisi tumemhatarisha nani?"

Kwangu, adhabu ya usalama ilingane na hatari, na imwangukie aliyeileta. Adhabu inayolingana na magoli matano ya juu kwa viganja viwili iliwafundisha watoto kumwogopa mwamuzi kuliko roboti.

Miaka ikaenda, mizani ikasogea. Mwaka 2024 kosa kubwa lilikuwa pointi 5 tu, nayo pete moja ya sponji golini ilileta pointi 2, au 5 katika sekunde za nyongeza ya thamani. Baadhi ya makosa ya watu yakaanza kwa onyo la mdomo, kisha kadi ya njano kwa anayerudia. Nimemwona mwamuzi akimwita pembeni mwanafunzi aliyevua miwani ya usalama, akamweleza, akasubiri aivae, mchezo ukaendelea. Yule mtoto hakuivua tena.

Imebaki hatua ya mtoano. Huko kadi ya timu moja huandikwa kwa muungano mzima, na ikiwa nyekundu wote hupoteza mechi. Wanaoitetea husema walioungana wachungane. Mtoto aliyeshika usukani mwisho huu wa uwanja atamchungaje mwenzake aliye mita 16 mbali? Ningependa atolewe mkosaji, wawili waliobaki wacheze.