Ndimu Moja na Chupa ya Mawese

Kwa miaka 30 mama mmoja wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili katika mji wa Bujumbura, alipika akiwa ameinama. Mbabula yake ilikaa uani, ubao wa kukatia mboga ulikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na unga, chumvi na dagaa vilikaa chini, penye kuku na watoto. Hakulalamika, kwani mama yake na nyanya yake walipika vivyo hivyo. Lakini magoti yalipoanza kumnyima usingizi, na binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, alipoanza kuleta nyumbani akiba kidogo kila mwisho wa mwezi, iliamuliwa kwamba jiko lijengwe ndani ya nyumba, na humo iwemo meza ya matofali inayofuata ukuta, ili mpishi afanye kazi yake akiwa wima.

Matofali yalipatikana upesi. Kilichochukua karibu miezi minne ni swali ambalo hakuna aliyelitazamia: meza hiyo ifunikwe kwa kitu gani?

Mumewe alisema mbao, na hakusema upuuzi. Mbao ngumu za libuyu zitokazo Kongo ni nzuri kwa macho, hazivunji kikombe kinachoanguka, na zikichakaa hupigwa randa zikawa mpya. Ila mbao zilizo karibu na maji ya kuoshea vyombo huoza polepole, na sufuria ikiepuliwa motoni na kutuliwa juu yake huacha duara jeusi. Fomika ilikataliwa siku hiyo hiyo, kwa sababu maji yakipenya ukingoni, zile chembe za mbao zilizogandishwa chini yake huvimba kama mkate ndani ya chai. Vigae vilikuwa na watetezi zaidi, maana ni rahisi na havidhuriki kwa moto. Lakini kila mwenye kupika kwa mawese anaijua mistari ya saruji iliyo kati ya kigae na kigae: hunywa mafuta yale mekundu, wala haiyatoi tena.

Mama mwenyewe alikuwa ameelekea kwenye terazo, ile saruji iliyochanganywa na vipande vya marumaru kisha ikasuguliwa mpaka ing'ae. Alikuwa ameiona sakafuni katika majengo ya zamani ya mji, imara baada ya miaka mingi ya kukanyagwa. Binti yake akaja na picha ya kitu kingine: bamba jeupe, safi kama maziwa, lililotengenezwa kiwandani. Fundi alilisifu sana. Jiwe hilo hupatikana kwa kusaga madini ya kwatsi na kuyashika kwa gundi ya plastiki, na kwatsi huwa mara nyingi zaidi ya sehemu 90 katika kila 100. Halinywi mafuta, halitaki kupakwa dawa, na jirani akiingia jikoni husimama kwanza kulitazama. Hilo la mwisho lilikuwa na uzito kuliko walivyokubali kusema.

Mama hakubishana. Alikwenda kwenye karakana ya mawe akaomba vipande vidogo vilivyobaki: kimoja cha marumaru, kimoja cha terazo, kimoja cha jiwe la kiwandani, na viwili vya graniti, cha kijivu na cheusi. Akavipanga ukutani uani kwake. Juu ya kila kimoja aliminya ndimu upande mmoja, na upande wa pili akamwaga tone la mawese kutoka katika chupa ile ile anayopikia, akaviacha hadi asubuhi.

Hakuna maabara iliyo bora kuliko hiyo kwa mtu anayepika chakula cha Bujumbura. Mukeke wa ziwani bila ndimu ni mukeke wa mgonjwa, na sombe bila mawese haina jina. Asubuhi marumaru ilikuwa na doa lililofifia mahali pa ndimu, na halikutoka kwa kusuguliwa, kwa sababu halikuwa uchafu: marumaru ni jamaa ya chokaa, na ukali wa ndimu ulikuwa umelila jiwe lenyewe. Terazo ilipata jeraha la namna hiyo hiyo, tena mawese yalikuwa yameacha kivuli cha rangi ya machungwa. Graniti ya kijivu haikujali ndimu, ila ilikuwa imekunywa mafuta kidogo. Jiwe jeupe na jiwe jeusi yalibaki kama yalivyokuwa. Ndipo mama akachukua sufuria ya mafuta ya kukaangia, ambayo joto lake hufika digrii 180, akaitua juu ya kipande cheupe. Gundi haivumilii joto hilo. Ilibaki alama ya manjano, na binti akasema kwamba mtu mwenye akili huweka kitambaa chini ya sufuria.

Huenda jiwe jeupe lingeshinda hata hivyo. Lililolishinda ni safari ya pili ya karakana, alipokwenda kuuliza bei. Katika ua wa nyuma alimkuta kijana wa jirani yake, mtoto aliyewahi kumbeba mgongoni, akilikata bamba jeupe kwa msumeno wa umeme wa mkononi. Hapakuwa na tone la maji. Vumbi lilikuwa limeifanya nywele yake kuwa ya mzee, na mdomoni alikuwa amefunga kitambaa cha khanga. Alizima mashine, akamsalimu kwa heshima, kisha akageuka upande kukohoa. Akakohoa muda mrefu.

Jioni mama alisimulia hayo mezani, bila kusudi lolote. Binti aliacha kula.

“Mama, ana muda gani katika kazi hiyo?”

“Mwaka wa tatu sasa.”

Muuguzi yule aliyajua aliyoyasoma chuoni. Vumbi la kwatsi lililo jembamba kabisa halionekani kwa jicho, nalo huingia mpaka mwisho wa mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, na humfanya apatwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kitambaa cha khanga hakizuii chochote. Jiwe la kiwandani ndilo hatari kuliko mengine kwa sababu karibu lote ni kwatsi. Tarehe 1 Julai 2024 Australia ilikuwa nchi ya kwanza duniani kulipiga marufuku, baada ya vijana wengi wakataji wa mawe kuugua.

“Basi graniti haina vumbi?” baba aliuliza.

Inalo. Graniti ya kweli huwa na kwatsi kuanzia sehemu 20 hata 60 katika 100. Lakini mengi ya mawe meusi yanayouzwa kwa jina la graniti ni ya jamii nyingine, kama gabro, ambayo kwatsi yake ni kidogo sana. Juu ya hayo, msumeno wa mezani unaomwagiwa maji hulifanya vumbi kuwa tope. Karakana ile haikuwa nao. Ilikuwapo nyingine mjini iliyokuwa nao, na bei yake ilikuwa juu zaidi.

Mama alikwenda huko na kamba yake ya kupimia. Alipoambiwa kwamba tundu la beseni la kuoshea vyombo lingekatwa nyumbani kwa mashine ya mkononi, alilifuta tundu hilo katika mchoro. Beseni likajengewa kando, kwenye kisima chake cha matofali, na meza ikawa mabamba matatu yaliyonyooka, yenye maungio mawili. Fundi alimwonya kwamba maungio yataonekana. Akamjibu kwamba macho yake yamezoea kuona mengi.

Mabamba yalikuja kwa mkokoteni. Jiwe la unene wa sentimita 2 hukaribia kilo 60 kwa kila mita ya mraba, hivyo waliitwa wanaume wanne, na mmoja wao alikuwa kijana yule wa jirani, aliyelipwa kama wenzake. Binti alimchukua pembeni, akampa siku ya kuja kwenye zahanati kupimwa kifua. Kazi ya kupanga ilikwisha kabla ya alasiri. Maungio yalionekana, naye binti hakuyasema. Jioni mama alikata ndimu juu ya jiwe jeusi akiwa amesimama, na kijana alirudi kwao akiwa na nguo zenye rangi yake.