Siku ya Tatu Ilipopita

Barazani kwa msikiti wetu, baada ya sala ya Isha, vijana hubishana mpira. Mwezi Mei mwaka 2023 mjadala ulikuwa Everton, timu iliyopata kuja Dar es Salaam mwaka 2017 kucheza na Gor Mahia. Sasa ilikuwa inachungulia kushuka daraja. Mmoja alilaumu kuuzwa kwa Richarlison, mwingine akadai Januari ingenunuliwa namba tisa.

Nasi, tukiwa katibu wa kamati, tulipaswa kuwatuliza. Badala yake tukaingia. Tulimwambia mdogo wetu, mbele ya watu, kwamba asiye na kazi hana ushauri wa kununua wachezaji. Aliinuka, akaondoka.

Siku tatu zilipita bila salamu, ilhali tumesoma na kuwasomesha wengine kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kumhama ndugu zaidi ya hapo, na kwamba mbora ni anayeanza kusalimu. Tulimngoja mzee aje kutupatanisha.

Tarehe 28 Mei Everton iliifunga Bournemouth 1–0, ikanusurika kwa pointi 36. Leicester City nayo ilishinda, lakini ikashuka na pointi 34. Aliyefunga hakuwa mshambuliaji mpya, bali Abdoulaye Doucouré, kiungo aliyekuwamo kikosini tangu 2020.

Usiku ule tulibisha hodi kwa mdogo wetu, tukatoa salamu, tukaomba radhi kwa kulitaja neno lenyewe. Alinyamaza kitambo, kisha akaitikia.

“Karibu, kaka. Bao la Doucouré umeliona?”