Kifalme cha Sauzi, Historia ya Songea

Taja Sun City mbele ya mwenzi wako uone macho yanavyong'aa. Basi kabla hamjavunja kibubu cha fungate, tuikague raha hiyo, halafu turudi hapa Mjimwema, Songea, tuone kama kweli tumepungukiwa.

Sun City ilifunguliwa mwaka 1979, mwendo wa saa kama mbili kwa gari kutoka Johannesburg. Aliyeianzisha ni mfanyabiashara Sol Kerzner. Enzi hizo kamari ilikuwa marufuku Afrika Kusini, kwa hiyo akajenga Bophuthatswana, eneo ambalo makaburu walilitangaza kuwa nchi huru. Kasino ikavuta watu, nayo gofu, mabwawa na maonyesho ya muziki yakawafanya walale.

Mwaka 1992 ikaongezwa hoteli ya The Palace of the Lost City. Acha kabisa! Minara yenye kuba, sanamu za wanyama, bustani kama msitu, na ufukwe wa mchanga wenye mawimbi ya mashine, wakati bahari iko mbali. Kuna hata daraja linalotikiswa makusudi, kuigiza tetemeko lililobomoa mji wa kale. Ila mji huo haukuwahi kuwepo, wabunifu waliutunga. Walijua kwamba mgeni halipii kitanda tu, analipia na hadithi.

Kumbi za kasino nazo zina ufundi wake. Nyingi duniani hazina madirisha wala saa ukutani, ili usijue kama kumekucha. Noti zako zinageuzwa vipande vya plastiki, na plastiki haiumi mkononi kama noti. Mashine za kamari kwenye baa za mitaani zinatumia ujanja uleule wa taa na milio, ila hizo hazina hata bwawa la kuogelea! Ndoa ngapi zimeyumba kwa sababu kodi ya nyumba iliishia humo?

Sasa turudi nyumbani. Mjimwema ni kata ya Manispaa ya Songea, na minara yenye kuba haipo. Lakini hadithi ya mji huu haikutungwa. Nendeni Makumbusho ya Majimaji, mlipo na kaburi la mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Mji wenyewe umebeba jina la mmoja wa viongozi wao, Nduna Songea Mbano. Hapo hakuna daraja la kutikiswa, lakini mtatoka mmeshikana mikono, kimya.

Kesho yake elekeeni milima ya Matogoro, chanzo cha mto Ruvuma. Mkiwa na siku ya tatu, shikeni barabara ya Mbinga mpaka Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Mchanga ni wa kweli, mawimbi hayana swichi, na jua likizama mnaliona wenyewe.

Je, Sun City msiende? Nendeni, mkijaliwa. Ila kubalianeni mapema kiasi cha kuchezea, kikiisha mnaondoka, na asiwepo wa kumficha mwenzake. Lakini msivuke mipaka kwenda kulipia historia ya kubuni kabla hamjaiona ya kwenu.