Ukishuka Dar kutazama mpira, panga na la pili

HAPA mji kasoro bahari, ukiwaambia washkaji kijiweni kwamba wikiendi unashuka Dar kuangalia watani wa jadi, swali ni moja tu: "Mshiko unao?" Hakuna anayekuuliza, "Na mechi isipochezwa je?" Mimi swali hilo nililijua baada ya kuumia, ndiyo maana leo nakupa darasa msomaji wangu, tena bure.

Jumamosi ya Machi 8, 2025 Yanga na Simba walikuwa wapambane Uwanja wa Benjamin Mkapa, saa moja na robo usiku. Mdogo wangu ndio kwanza alikuwa ameanza kidato cha kwanza, na nilishamwahidi kwamba akifaulu la saba nampeleka. Mimi Yanga, yeye Simba damu. Nikadunduliza tangu Desemba, hela za vibarua vya kupaka rangi nyumba za watu.

Sasa sikia mpango. Usafiri ni treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar na Moro mwaka 2024. Basi likinasa kwenye foleni za kuingia mjini unaweza kuota mvi, lakini treni ni chini ya saa mbili. Tulipandia Kihonda asubuhi, dogo kabandika uso kioo mpaka Pugu, hataki hata kuongea.

Malazi: kama una ndugu, gesti ya nini? Shangazi yetu anakaa Mtoni, uwanjani unatembea kwa miguu. Ila usiende mikono mitupu kama mdeni. Sisi tulibeba mchele, na shangazi akatupokea kama wabunge.

Tiketi: pata ile kadi ya N-Card mapema na uiwekee hela mapema. Ukisubiri getini utakuwa mteja wa walanguzi. Sisi wenye mfuko mwepesi tunakaa mzunguko, na wala hakuna ubaya. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 2007, unaingiza watu 60,000, kelele za mzunguko ndizo mpira wenyewe. Jirani yake ni Uwanja wa Uhuru, Taifa ya zamani, wazee wanaiita Shamba la Bibi.

Kila kitu kilikuwa poa. Jezi tumevaa, tiketi tumelipia. Mchana habari ikaingia mtaani: mechi imeahirishwa! Simba walikuwa wamesema hawachezi, kwa kuwa usiku uliotangulia walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi. Nani alikuwa na haki na nani hana, mjini walibishana mpaka sauti zikakauka. Mimi nilikuwa namtazama dogo.

Alikaa barazani na jezi yake nyekundu, kainamisha kichwa. "Kaka, ndio tunarudi nyumbani?" Jibu sikuwa nalo. Miezi mitatu ya kushika brashi, halafu mtoto nampa nini?

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Jua lilipozama shangazi akatuita. "Njooni mfuturu wanangu. Mpira utachezwa tu siku nyingine, ila uji ukipoa haunyweki." Tukala viazi na tambi. Dogo akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mchana.

Jumapili asubuhi nikahesabu hela zilizobaki. Nauli ya kurudi nilishakata pamoja na ya kuja, kwa hiyo nilikuwa na chenji ya uhakika. Nikamchukua mpaka Magogoni, tukapanda pantoni kwenda Kigamboni. Msomaji wangu, dogo alikuwa hajawahi kuiona bahari! Alivua viatu, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. "Kumbe chumvi kweli!" Akarudia kuonja, eti huenda upande ule mwingine hayana.

Kwa hiyo darasa ni hili. Kwanza, kata tiketi ya kurudi kabla hujaondoka kwenu, usije ukageuka mkazi wa Dar kwa lazima. Pili, weka hela kidogo ambayo hata ukilala njaa huigusi. Tatu, chagua kitu kimoja cha kufanya mjini ambacho hakihitaji refa. Soko, bahari, kumsalimia ndugu, chochote kile. Mpira una wenyewe, ila wikiendi ni yako.

Mechi ilikuja kuchezwa Juni 25, 2025, siku ya Jumatano, Yanga wakashinda 2-0. Dogo alikuwa na shule, mimi sina nauli, nikaitazama banda umiza. Nilishangilia, lakini pembeni yangu hakukuwa na Simba wangu wa kumtania. Nikarudi nyumbani mbio nikamcheke.

Akaniangalia tu. "Kaka, matokeo nimeshayasikia. Kule kwenye maji ya chumvi tunarudi lini?"

Nimeshaanza kudunduliza.